Patasi Mkobani: Kutoka Tabaka hadi Lamu

Kazi inayonilisha ni ya makaratasi, katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Mombasa. Kazi nisiyolipwa ni ya kuchonga. Jumamosi mchana huketi kibarazani na kipande cha mti mapajani, na jua likitua huwa nimekwisha kuyasahau makontena yote. Majirani wameizoea sauti ya nyundo, lakini swali lao halijabadilika tangu nilipoanza: "Unamuuzia nani?" Nikiwajibu kwamba simuuzii mtu, hunitazama kama mfanyabiashara anayeficha bei.

Likizo ilipofika nikaamua kwenda kwa wachongaji wenyewe. Nilitaka kuona jiwe la Kisii linachimbwa vipi, Wakamba wanaushikaje mti, na mafundi wa Lamu wanaianzaje nakshi ambayo mimi nimekuwa nikiiga kutoka kwenye picha. Nilitaka pia kuwauliza wao, watu ambao unga wa nyumbani unatoka kwenye patasi, kama huwa wanachonga kitu chochote kwa raha tu. Nilipanda basi badala ya treni. Kwenye vituo vya SGR mizigo hupitishwa kwenye mashine, nami sikuwa na hamu ya kumweleza askari kwa nini mkoba wa karani umejaa visu, tupa na patasi.

Kutoka Nairobi barabara inashuka Bonde la Ufa, inapita Narok na Bomet, kisha Sotik na Keroka, na hapo migomba na majani chai yanakuwa ndiyo mandhari yote. Kisii mjini nilibadilisha gari na kupanda matatu ya Tabaka. Ukikaribia Tabaka huhitaji kuuliza umefika wapi. Vipande vya jiwe vimetapakaa kando ya njia, vumbi jeupe limeshika nyasi, na karibu kila ua una mtu aliyeinamia kitu.

Machimbo yenyewe si ya mitambo. Ni mashimo yaliyochimbwa kwa sururu, mtaimbo, jembe na panga. Baruti haifai, kwa sababu mlipuko huliachia jiwe nyufa ambazo hazionekani mpaka sanamu iwe imefika shingoni. Vijana hushuka, wakachimbua bonge, wakalipandisha juu kwa mabega. Masika yanapokuja, mashimo hujaa maji na kuta zake hulegea, na hapo kazi inakuwa ya hatari kweli. Nilisimama ukingoni nikahesabu rangi: nyeupe, ya maziwa, ya waridi, nyekundu yenye mishipa, ya kijivu, na ile inayoelekea kuwa nyeusi. Rangi si pambo tu. Jeupe ni laini, kisu cha jikoni kinaliingia. Lenye wekundu na weusi ni gumu zaidi na linamaliza makali upesi. Mchongaji anayechagua jiwe anachagua pia muda atakaokaa nalo.

Mzee mmoja alinikubali uani kwake baada ya kumsalimu kwa neno pekee la Kigusii ninalolijua, "Bwakire," akacheka na kuendelea kwa Kiswahili. Alinipa bonge jeupe ukubwa wa ngumi mbili na kunifundisha jambo la kwanza kabla hata sijatoa kisu: kuligonga na kusikiliza. Jiwe zima linalia. Lenye ufa linajibu kwa sauti butu, na la namna hiyo huwekwa kando, litoe vitu vidogo.

"Mti una nyuzi, kwa hiyo unakuambia upite wapi," alisema. "Hili halina nyuzi. Ukikosea halitakuzuia."

Umbo la kwanza hutolewa kwa panga. Nilidhani ni mzaha, mpaka nilipomwona akipiga panga fupi fupi, kwa kupimia, na mgongo wa kiboko ukajitokeza. Baada ya panga huja patasi, baada ya patasi kisu, na baada ya kisu tupa. Jiwe hulowekwa, kwa sababu jiwe bichi linakatika vizuri na maji yanashika vumbi. Si mafundi wote wanaojali hilo la vumbi. Niliwaona vijana wakikata jiwe kavu kwa mashine, nyuso zimegeuka nyeupe, hakuna aliyefunika pua. Vumbi la mawe likiingia mapafuni mwaka baada ya mwaka halitoki, na kitambaa kilichofungwa mdomoni hakitoshi. Mimi nilikuwa na barakoa mkobani, nikaivaa, wakanicheka kidogo, nami nikaacha wacheke.

Sehemu ya kazi ambayo wageni hawaiulizii ni ya wanawake. Wamekaa kwenye kivuli na mabeseni ya maji, wanasugua kwa msasa wa maji, kuanzia ule mkali hadi ule laini usiosikika vidoleni, kisha wanapaka nta. Mnunuzi wa Nairobi au wa ng'ambo anaposhika sanamu na kusema "inateleza", anachokisifu ni mikono yao. Sijaona duka lililowataja. Mchongaji hutia jina lake chini ya kitako cha sanamu. Aliyesugua hana pa kutia lake.

Hapo hapo uani nikajifunza kitu nilichokuwa nikikitafuta kwa muda mrefu: kuchora juu ya jiwe. Sahani iliyokwisha kusuguliwa hupakwa rangi, nyeusi au nyekundu au buluu, ikaachwa ikauke. Kisha fundi anachukua ncha ya chuma (huyu alikuwa na spoki ya baiskeli iliyonolewa na kuvikwa mpini wa mti) na kukwaruza. Kila mstari unafunua weupe ulio chini. Hakuna kufuta. Binti wa mzee alichora twiga watatu na ukingo wa pembetatu huku akizungumza na simu iliyobanwa begani, na mistari yake haikutetereka. Wangu ulitetereka. Lakini furaha ya kuona mstari mweupe ukizaliwa chini ya ncha ni kubwa, na ningemshauri mtu yeyote mwenye jioni moja ya bure aijaribu kabla ya kununua patasi hata moja.

Tabaka si mahali pa viboko na twiga peke yake. Elkana Ong'esa, mchongaji mashuhuri wa huko, alichonga kwa jiwe hilihili Ndege wa Amani anayesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Wazee kabla yake walitengeneza mbao za bao na vyombo vya matumizi. Nilimuuliza mwenyeji wangu swali langu: je, kuna alichochonga kwa ajili yake mwenyewe? Akaingia ndani, akatoka na ubao wa bao wa jiwe la kijivu, mashimo yamesuguliwa na vidole vya miaka mingi. Nikamsifu, nikamwambia nimefurahi kuona kitu kisichouzwa.

"Nani amesema hakiuzwi?" akauliza. "Taja bei."

Tukacheka wote wawili. Sikutaja bei, na nina hakika hangeniuzia.

Wamunyu nilipita haraka, na sababu si kwamba hapana cha kuona. Mji huu ulio kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui ndiko uchongaji wa Wakamba wa biashara ulikoanzia. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge alichukuliwa vitani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akafika Tanganyika, akaona kazi za wachongaji wa huko, na aliporudi kwao akaanza kuchonga na kuwafundisha jamaa zake. Kutoka kwa mtu mmoja ikaja kazi ya maelfu. Ila nilichokiona vibandani ni safu za swala, vifaru na Wamasai wenye mikuki, vyote vya kipimo kimoja, na nikakiri moyoni kwamba ustadi wa tezo unaovitoa ni mkubwa kuliko vitu vyenyewe. Kijana anaweza kutoa swala kwa tezo bila kuchora mstari hata mmoja juu ya mti. Ukimwambia achonge mbuzi wa kwao anakuuliza nani atamnunua.

Kilichonivuta Wamunyu kilikuwa kibuyu. Bibi mmoja sokoni alikuwa na kitete cha uji kilichochorwa kwa ncha ya kisu: mamba, nyota, mstari wa njia iendayo na kurudi, na mistari yote imejazwa weusi ili ionekane kwenye ngozi ya manjano. Ganda la kibuyu ni jembamba, limepinda pande zote, na linateleza. Mkono unaochora lazima utulie na mkono mwingine ndio uzungushe kibuyu. Bibi alinionyesha kwa ishara, bila maneno mengi, na baadaye nikijaribu kwenye basi (jambo ambalo simshauri mtu) nikaelewa kwa nini alikuwa amekaa chini na kukishika kwa magoti.

"Hiki chauzwa, nyanya?"

"Cha uji," akasema, akakirudisha kikapuni.

Nilipofika Mombasa nilipitia Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba uliokuwapo tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Hapo ndipo hoja ya mti inapokuwa si ya mapenzi bali ya hesabu. Kwa miaka mingi wachongaji walitegemea mpingo na muhugu. Mpingo hukua polepole mno. Mtu anayepanda leo anawapandia wajukuu. Kiini chake cheusi ni kizito kiasi cha kuzama majini, na kina makali yake ya kupokea nakshi ambayo hakuna mti mwingine wa kwetu unayo. Lakini umeadimika, na muhugu pia umekatwa mno katika misitu ya Kenya. Wengi wa Changamwe sasa wanatumia mwarobaini na mwembe, miti iliyo nyuma ya kila nyumba ya pwani. Mwarobaini ukiwa mbichi unachongeka kwa urahisi na wadudu hawaupendi. Dosari yake ni kupasuka ukikauka haraka, kwa hiyo mafundi huufunika kwa mifuko au kuuzika kwenye takataka za randa, unyevu utoke kidogo kidogo. Nimeanza kufanya hivyo nyumbani na vijiko vyangu vimepunguza kupasuka.

Barabara ya kaskazini, baada ya Kilifi, inauambaa msitu wa Arabuko-Sokoke ambamo muhugu ungali unaota, na upande wa pili, ukikata kuelekea Watamu, yapo magofu ya Gede. Mwaka 2024 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Watu huenda kuona msikiti mkuu na kasri. Mimi nilikwenda kuona kaburi.

Kaburi hilo lina tarehe iliyochorwa kwenye lipu: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Wanaakiolojia wanalithamini kwa sababu linawapa pa kushikia wanapoupimia mji huo umri. Mimi nililithamini kwa sababu nyingine. Nilisimama hapo nikifikiria fundi mwenye chokaa mbichi mbele yake. Chokaa haingoji. Ikiwa majimaji mno, ncha inaiburuta na herufi inajaa. Ikishakauka, inameguka pembeni na ukingo wa herufi unaharibika. Katikati yake kuna muda mfupi ambao lipu hukubali kila kitu, na maandishi yale yalilazimika kuingia katika muda huo. Aliyekuwa akiandika alijua anachokiandika kabla ya kuugusa ukuta. Huyo hakuwa na mnunuzi wa kumbembeleza, wala maiti hakuwa na haja ya kuvutiwa.

Kutoka Malindi hadi Mokowe ni safari ndefu ya Garsen na Witu, yenye vizuizi vya polisi ambapo kila abiria anatoa kitambulisho. Mokowe unashuka, unapanda boti, na baada ya mkondo mfupi wa bahari Lamu inakuja na minara yake na punda wake. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wenyeji wanalitaja jambo hilo kwa fahari iliyochanganyika na uchovu, maana sasa kubomoa hata ukuta wa jikoni kuna barua zake.

Nilianza na Makumbusho. Humo zimo siwa mbili mashuhuri, yaani baragumu za sherehe: ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Ile ya pembe ina nakshi ambayo macho hayachoki kuifuata. Nikiwa mchongaji, niliitamani mali ile. Nikiwa Mkenya niliyeona picha za mwaka 1989, serikali ilipochoma tani 12 za pembe hadharani Nairobi, sikutamani irudi. Kuna vitu vizuri ambavyo vimekwisha kuchongwa na havihitaji kuchongwa tena. Mfupa wa ng'ombe unapatikana kwa mchinjaji yeyote, na ukichemshwa na kusafishwa mafuta unapokea mchoro mwembamba vizuri sana.

Karakana niliyoitafuta ipo ndani ya mtaa, mbali kidogo na pwani. Fundi alikuwa amekaa chini, ubao ameubana kwa miguu, patasi zimepangwa pembeni kwa ukubwa. Nikampigia hodi, akajibu bila kuinua kichwa.

"Karibu mwanangu, kaa kitako. Wataka mlango?"

"Sitaki mlango, fundi. Nataka kutazama."

Hapo akainua kichwa. Nikamweleza mambo ya kibarazani na majirani. Hakushangaa hata kidogo. Akanisogezea kipande cha mwembe, bikari ya shule na penseli, akasema nimchoree ua la duara lenye majani manane. Nilipomaliza akaupindua ubao, akaniambia nichore tena, na tena. Asubuhi nzima sikugusa patasi. Nakshi ya Lamu na ya Siyu, alisema, imo kwenye bikari. Patasi inafuata tu. Kila fundi ana daftari la ruwaza alilorithi na kuliongeza: maua, minyororo, mawimbi, majani ya mtende.

Mchana ndipo tukaanza kukata. Kwanza mstari wote unapitiwa kwa patasi nyembamba, wima, ili mti usichanike kupita mpaka. Kisha ardhi ya nakshi, ile sehemu inayobaki chini, inakombwa kwa patasi bapa hadi kina kilingane kila mahali. Baada ya hapo majani yanapewa mgongo na mishipa. Nilitoa msasa wangu nilainishe, naye akanishika mkono. Nakshi haipigwi msasa, kwa sababu msasa unakula ncha za majani, na mwanga hauna pa kugota. Laini itoke kwenye patasi kali. Tangu siku hiyo nanoa mara nyingi kuliko ninavyochonga, na ninaona tofauti hata nikiwa nimeushika ubao mbali.

Mlango aliokuwa nao ulikuwa wa hoteli fulani ya bara, wa mbambakofi, na kazi yote nzito ilikuwa kwenye kizingiti cha juu na kwenye mfaa, ule mti wa katikati ambao mbao mbili za mlango hukutania. Miimo ya pembeni ilikuwa na mnyororo tu. Nilipomuuliza kuhusu raha, alinyoosha patasi kuelekea rafu ya juu. Palikuwa na kisanduku kidogo cha msaji, kimejaa nakshi pande zote, mpaka ile ya chini ambayo kisanduku kikikaa haionekani.

"Hicho cha mke wangu," alisema. "Mwaka wa ngapi huu sijui. Nikipata mlango wa haraka, hukiweka kando. Nikikosa mlango, hukirudia."

"Na chini umetia nakshi ya nini?"

"Mwanangu, wataka kuchora au wataka kumaliza?"

Sikumjibu. Jioni nilikwenda Nyumba ya Waswahili, ile iliyofanywa makumbusho, nikatazama zidaka. Ukuta mzima wa chumba cha ndani umepangwa visanduku vya lipu, safu juu ya safu, vyenye nakshi iliyokatwa kwenye chokaa. Ni chumba cha ndani kabisa cha nyumba, mahali ambapo mgeni wa barazani hakuwa akifika. Mafundi wale walitia kazi yao bora mahali ambapo wangeiona watu wachache mno. Nikakumbuka bibi na kitete chake na nikaona kwamba swali langu nilikuwa nimeliuliza vibaya tangu Tabaka. Biashara ya sanamu kwa wageni ina miaka mia moja na kidogo tu katika nchi hii. Kuchonga kwa ajili ya nyumba, chombo na kaburi ni kwa kale zaidi. Anayestahili kuulizwa "kwa nini?" si mimi wa kibarazani.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Anza na jiwe jeupe la Kisii: kisu, tupa, msasa wa maji, beseni na barakoa nzuri, basi. Ukichoka nalo chukua kibuyu kikavu na ncha kali. Mti uje wa tatu, na uwe mwembe au mwarobaini uliokatwa karibu nawe, siyo mpingo. Mpingo utaharibu patasi zako na mti wenyewe ni wa kuhurumiwa. Chora kwa bikari mpaka mkono uzoee kabla ya kukata. Na mkifika Tabaka, Wamunyu au Lamu, msiishie kwenye vibanda vya sanamu zilizokwisha kung'arishwa. Ombeni jiwe bichi au kipande cha mti, ketini chini na fundi, na mlipeni muda wake kama mnavyomlipa mwalimu yeyote. Wengi wao hawajawahi kuombwa hivyo, na wako tayari.